Jinsi ya kumtofautisha nyoka-uzi wa Barbados na nyoka wa vyungu

Ukigeuza jiwe huko Barbados ukakuta kitu cheusi, chembamba kama tambi, kinajipindapinda, usishangilie haraka. Huenda ni nyoka kipofu wa vyungu vya maua, mgeni anayesafirishwa ndani ya udongo wa miche. Nyoka-uzi mwenyewe, Tetracheilostoma carlae, ni adimu mno. Alipewa jina mwaka 2008, na hadi alipopatikana tena chini ya jiwe Machi 2025, karibu miaka 20 ilikuwa imepita bila kuonekana kwake kuthibitishwa.

Urefu peke yake hudanganya. Nyoka-uzi mzima ana takriban sm 10. Mgeni aliyekomaa anaweza kumzidi, lakini aliye mdogo analingana naye.

Tazama mgongo kwanza, kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nyoka-uzi ana mistari ya manjano hafifu inayokwenda kwa urefu wa mwili, mgeni hana. Kisha kichwa: macho ya nyoka-uzi yako ubavuni, na gamba linalofunika jicho hushuka hadi kwenye mdomo. Kwa mgeni, magamba ya mdomo wa juu hulizuia lisifike huko.

Ushahidi mzito ni safu za magamba katikati ya mwili: nyoka-uzi 14, mgeni 20. Hapa ndipo wengi hukosea. Magamba ya tumboni yanafanana na ya mgongoni, kwa hiyo hakuna alama ya kuanzia, na jicho huteleza kutoka safu moja hadi nyingine bila wewe kujua. Kama mstari wa manjano unaonekana, anzia hapo, zunguka mpaka urudi palepale, kisha rudia hesabu. Nyoka asipotulia, mweke kwenye kikopo kinachopitisha mwanga chenye udongo mbichi kidogo, umpige picha juu, ubavuni na chini, rula ikiwa kando.

Usimbane kwa vidole wala kumwacha juani. Mwili mdogo hivyo hukauka upesi. Na usimuue eti upate uhakika. Mgeni ni majike watupu wanaozaana bila dume, lakini nyoka-uzi anahitaji mwenzi, na jike hutaga yai moja tu. Lirudishe jiwe kwanza, upande uleule lilivyokuwa, ndipo umwachie pembeni ajipenyeze mwenyewe. Ukimweka kabla ya jiwe, utamponda.