Makazi ya kobe ndani ya nyumba: mbao au kioo?
Ndugu, umeuliza kama tangi la kioo linawafaa kobe wako wawili. Ningekushauri utengeneze sanduku la mbao, pana na lililo wazi juu, kwa kuwa kobe hatambui kioo na huweza kukisukuma kutwa nzima akitafuta njia. Ninalolisisitiza zaidi ni taa ya miale ya UVB (miale isiyoonekana kwa macho, kama iliyomo katika mwanga wa jua), ambayo humwezesha kobe kutengeneza vitamini D3 na kufyonza kalsiamu inayoimarisha gamba na mifupa. Tafadhali usiikinge kwa kioo, kwani kioo huizuia miale hiyo. Taa ya joto ikae upande mmoja, penye nyuzijoto 32 hadi 35 za Selsiasi, upande wa pili ubaki na ubaridi na maficho. Udongo uwe na kina cha kuwatosha kujifukia.