Wanajua, Lakini Hawafanyi: Majibu kwa Walimu, Wazazi na Wahudumu wa Afya wa Kijiji

Barua zilizofika safari hii zimetoka Uganda, kwa walimu, wazazi, mwanafunzi mmoja na mhudumu wa afya wa kijiji, na nyingi zinarudia lalamiko lile lile kwa maneno tofauti: watu wamefundishwa, wanajua, wala hawafanyi. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu baadhi zinahitaji maelezo na nyingine zina jibu la mistari michache.

Shule yetu ya msingi ina klabu ya afya, mabango yamebandikwa kila ukuta, na watoto wanaimba wimbo wa kunawa mikono bila kukosea neno. Hata hivyo wakitoka chooni hawanawi. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Busia)

Mwalimu, kabla ya kuwalaumu watoto, simama karibu na vyoo wakati wa mapumziko ya asubuhi, utazame mtoto mmoja tangu anapoingia kwenye foleni hadi anaporudi darasani. Tangu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1997, wanafunzi wameongezeka kwa kasi ambayo ujenzi wa vyoo haukuweza kuifuata. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wanafunzi 40, na wewe unajua kuliko mimi shule yako iko umbali gani na kiwango hicho. Mtoto aliyemaliza mapumziko yake kwenye foleni, kisha akatakiwa kuvuka uwanja kutafuta bomba ambalo siku nyingine halitoi maji, atakimbilia darasani kengele ikilia, hata kama yeye ndiye kiongozi wa kwaya ya klabu ya afya.

Kwa hiyo sogezeni maji. Dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo, likaning'inizwa kwenye mti mlalo na kufungwa kamba yenye kijiti cha kukanyagia, ni kibuyu chirizi kinachotosha, nacho kikae hatua mbili au tatu kutoka mlango wa choo. Mtoto hukanyaga kijiti kwa mguu, hivyo hashiki kitu kwa mikono michafu, na maji yanayotumika ni kidogo sana kuliko ya beseni.

Nimeona vibuyu chirizi vingi vilivyotengenezwa kwa shangwe siku ya wageni na kukauka baada ya wiki mbili, na karibu kila mara sababu ilikuwa kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuvijaza. Wapeni darasa la tano na la sita zamu ya wiki kwa wiki, zamu hiyo iandikwe ubaoni, na mwalimu wa zamu akague maji kabla ya paredi ya asubuhi na tena kabla ya chakula. Wavulana wateke maji sawasawa na wasichana. Sabuni ya mche huibwa au huanguka matopeni, basi changanyeni sabuni ya unga na maji katika chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Gharama yake ni ndogo, lakini lazima kamati ya shule iiweke katika bajeti ya muhula, isitegemee mfuko wa mwalimu mmoja mwenye huruma.

Jambo moja zaidi: kila Aprili na Oktoba nchini Uganda watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 14 hupewa dawa ya minyoo. Fundisheni kunawa mikono katika majuma hayo hayo, mkiwaeleza kwamba dawa huwaondoa minyoo waliopo tumboni lakini haizuii mayai mapya kuingia kesho kupitia kucha chafu. Somo linalokwenda na kidonge alichokimeza mtoto mwenyewe hukumbukwa.

Binti yangu ana miaka 10 na shule imetangaza chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Baba yake anakataa, anasema itamfanya mtoto asizae. Nifanye nini? (Mama, Bombo)

Mama, chanjo hii haiharibu uzazi. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015, bila malipo, ikilenga wasichana wa darasa la nne na wale wa umri wa miaka 10 wasio shuleni. Inakinga dhidi ya kirusi cha HPV, kinachoenezwa kwa kujamiiana na ambacho kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuleta saratani. Ndiyo maana hutolewa mapema, wakati msichana bado hajakutana na kirusi hicho. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Uganda, na mara nyingi matibabu yake ndiyo humwondolea mwanamke uwezo wa kuzaa, jambo lile lile ambalo baba anaogopa.

Usimjibu kwa ubishi, kwa kuwa hofu yake ina mantiki kwake. Amesikia kwamba wanachanjwa wasichana peke yao, tena wa umri mmoja, na pengine hakuna mtu aliyewahi kumweleza sababu. Mwambie kwamba ni wasichana kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi, na kwamba zipo nchi zinazowachanja wavulana pia. Kisha mwende pamoja kituo cha afya, amuulize muuguzi maswali yake kwa mdomo wake mwenyewe. Nawaomba walimu wakuu nao wasitume barua ya ridhaa peke yake mkononi mwa mtoto: waiteni akina baba kwenye mkutano, muuguzi awepo, na nusu ya muda iwe ya kuuliza. Nawe, mama, ukiwa na miaka 30 au zaidi, tumia safari hiyo hiyo kuuliza kuhusu kupimwa mlango wa kizazi.

Je, ni kweli kwamba kuogelea ziwani huleta kichocho? (Mwanafunzi wa sekondari, Jinja)

Ni kweli. Vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa maji, hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, na haichukui muda mrefu. Kichocho cha Ziwa Victoria hushambulia utumbo na ini, kwa hiyo usisubiri kuona damu kwenye mkojo ndipo uamini. Nenda ukapimwe choo. Dawa yake ni prazikuanteli. Mzunguko huo wote huanza na mtu aliyejisaidia ziwani au kando yake, na hilo ndilo klabu yenu ya afya ilifuatilie kwanza katika kijiji cha wavuvi kilicho karibu nanyi.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watu huja mkutanoni wakisikia kuna sabuni, wananiitikia kwa vichwa, kisha wanaendelea kuamini fununu za sokoni. Nibadilishe nini? (Mhudumu wa afya wa kijiji, Isingiro)

Ndugu yangu, kazi yako ni ya kujitolea na mzigo wake ni mkubwa, kwa hiyo sitakuongezea mikutano. Napendekeza uipunguze. Badala ya kuwaita watu 100 chini ya mti, kaa na kaya sita au saba zinazochota maji pamoja, anza kwa kuuliza wamesikia nini juu ya ugonjwa fulani, na usikatize. Fununu iliyotamkwa mbele yako unaweza kuijibu, lakini iliyobaki moyoni huondoka na mwenyewe.

Lugha nayo ina uzito. Nakivale kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na vipeperushi vingi vinafika kwa Kiingereza au kwa lugha ya wilaya. Mama aliyekimbia Kivu Kusini anaelewa Kiswahili chake cha nyumbani, na akisomewa kwa lugha nyingine atatikisa kichwa kwa adabu tu. Kwa kila kikundi tafuta mtu mmoja anayeheshimiwa, awe mkunga wa jadi, imamu, mchungaji au muuza samaki, mueleweshe kwanza yeye, kisha azungumze na wenzake akiwa pamoja nawe.

Nchi hii imewahi kuona nguvu ya sauti inayoaminika. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI mwaka huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wameguswa na ugonjwa huo moja kwa moja. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana hadi mwili ulipomshinda. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Watu walikuwa wamekwisha kusikia matangazo ya serikali. Walipomwona mtu wanayempenda akisema "ni mimi", ugonjwa uliacha kuwa wa watu wengine.

Kinyume chake kilionekana wilayani Mubende mwaka 2022. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa tarehe 20 Septemba, zilikuwa zimekwisha kuenea hadithi za uchawi, na baadhi ya wagonjwa walipelekwa kwa waganga wa jadi kabla ya hospitali. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, watu 55 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huo walikuwa wamekufa. Chanjo zilizokuwa zimeidhinishwa zilikuwa za aina ya Zaire, hivyo kilichobaki ni watu kukubali kutengwa, kufuatiliwa na kuzika kwa usalama. Hayo hayakubaliki kwa amri peke yake. Yanamhitaji mtu kama wewe, anayejulikana kwa jina kijijini kabla ya maradhi kuingia.

Kuhusu sabuni, usione aibu kuigawa. Mtu anayefundishwa kunawa anahitaji sabuni.

Wasichana wetu hukosa masomo siku za hedhi. Wazazi wanasema hayo ni mambo ya shangazi, si ya shule. (Mwalimu mlezi wa wasichana, Kasese)

Mwalimu, shangazi wa zamani alikuwa jirani. Leo huenda yuko Kampala akiuza mitumba, na msichana anavunja ungo akiwa na mwalimu wake siku tano kwa juma. Waalikeni akina shangazi na nyanya waje shuleni mara moja kila muhula, ili wazazi waone kwamba shule haijawanyang'anya nafasi yao.

Halafu kagueni choo: kina mlango wenye komeo kwa ndani, maji, na mahali pa kutupa pedi zilizotumika? Bila hivyo msichana atabaki nyumbani hata akipewa pedi bure. Pedi za kitambaa zinaweza kushonwa shuleni, na wavulana washone pia, kwa kuwa dhihaka huisha haraka mvulana akijua anachokidhihaki. Sisitizeni zianikwe juani. Inayofichwa uvunguni ikiwa mbichi huleta muwasho. Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwahi kubuni pedi za mafunjo na karatasi zilizotumika, ushahidi kwamba malighafi tunayo hapa hapa.

Na msizungumzie hedhi mkaishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu msichana mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 amekwisha kuzaa au ni mjamzito. Asiyejua maana ya hedhi hajui pia anavyoweza kupata mimba, na aliyejifungua ana haki ya kupokewa tena shuleni.

Mwanangu wa kidato cha tatu hali vizuri, halali usiku, analala darasani na walimu wanamchapa. Ndugu wanasema amerogwa. (Baba, Arua)

Baba, mambo hayo yakidumu zaidi ya wiki mbili huenda ni dalili za ugonjwa unaotibika, na ni lazima uzilete mbele ya mtaalamu. Hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Usingoje hadi ahitaji kupelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Mkae wawili mahali pa faragha, umuulize kinachomsumbua, na umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa mlango wa kusema. Akikubali kwamba amefikiria, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu mashambani zifungiwe, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu fimbo, sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Mweleze mwalimu mkuu kwa upole na kwa maandishi, na akikataa kusikia, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kizazi hiki kilifungiwa shule, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na wapo waliorudi na huzuni ambazo hakuna mtu aliyewauliza.

Nani anapaswa kulipia chakula cha mchana shuleni? (Mjumbe wa kamati ya shule, Tororo)

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imewaachia wazazi na walezi jukumu la kuwalisha watoto. Naona ni mzigo usio wa haki kwa maskini, lakini mtoto mwenye njaa hafundishiki lolote, la afya wala la hesabu, kwa hiyo kamati isisubiri sheria ibadilike. Pokeeni mahindi na maharage badala ya fedha. Yapimeni ukavu kabla ya kuyahifadhi, kwani mahindi yasiyokauka huota kuvu lenye sumu inayodhuru ini, na uji wa mahindi ya namna hiyo ni bora usinywewe kabisa. Pandeni pia viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, ambavyo Mganda Robert Mwanga alishirikiana na wenzake kuviendeleza, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kiwango cha kila mzazi kiamuliwe kwenye mkutano wa kufungua muhula wa pili, kabla mahindi ya msimu wa kwanza hayajauzwa.