Giza likikukuta kati ya Bahi na Manyoni, lala kwa watu

Watu wananiuliza sana nikitoka Dodoma kwenda Singida kwa baiskeli usiku nalala wapi, maana ni zaidi ya kilomita 200 na ukishaiacha Bahi vijiji vimeachana mbali. Gesti zipo Manyoni ila giza likinikuta njiani nalala kwa watu, na nakushauri na wewe ufanye ivoivo bila woga.

Ila usisubiri giza lenyewe. Saa kumi na moja jioni uwe umeshaingia kijijini, ulizia kwa mwenyekiti au mtendaji, toa kitambulisho, jieleze unatoka wapi unaenda wapi, maana ukishajulikana kwa mwenyekiti hata yule atakayekulaza analala na amani. Na salamu kwanza. Wazee wa Kigogo ukiwapa mbukwenyi kabla ya shida yako wanafurahi mno, wataulizia mpaka mvua za kwenu, tulia ujibu zote.

Sasa kitu ambacho wapanda baiskeli wengi hawakifikirii ni maji. Kiangazi huku kati maji ni kazi kwelikweli. Kuna mama alinipa ndoo nzima nioge, nikaona chini ya ndoo mchanga umetulia, nikajua haya yametoka korongoni, yani watu wanafukua mchanga wa mto mkavu alafu wanasubiri maji yajikusanye wachote kidogokidogo kwa kata, mtu anaamka usiku wa manane kuwahi foleni. Nikanawa uso na miguu, nikamwambia mama imetosha, ndoo ikarudi ndani kwa watoto. Kwaiyo jaza chupa zako dukani mapema, usimalize maji ya watu.

Chakula usikatae. Ugali wa uwele na mlenda kula ushibe, ukidonoadonoa wanaona umewadharau. Hela mi simpi mwenye nyumba usiku uleule, inakua kama unalipa gesti, nanunua sukari na sabuni ya mche dukani palepale kijijini nampa mama asubuhi nikiaga.

Ukilala Kintinku ondoka alfajiri, ule mlima wa kupandia Manyoni ndo ukuta wa Bonde la Ufa wenyewe, jua likishachomoza unateseka. Vijana wakitaka kukusindikiza na baiskeli zao mpaka mlima unapoanzia waache, na uende mwendo wao, wao ndo wanajua malori yanashukia wapi kwa kasi na kivuli cha kupumzikia kiko wapi.