Taima ya hita ya maji: chukua yenye betri

Dada, umeuliza ufunge taima gani, ile swichi ya kuwasha na kuzima yenyewe kwa saa uliyoipangia, kwenye hita yako ya lita 50 hapo Ujiji, maana LUKU, umeme wa kulipia kabla, haifiki mwisho wa mwezi. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani, saa yake iendelee hata umeme ukikatika. Zile za kuzungusha, zenye vijino pembeni, ni nyepesi kutumia, ila umeme ukikatika masaa mawili nazo husimama masaa mawili. Maji yanapata moto watoto wameshakwenda shule. Hapa Tabora zilinichosha kabisa.

Soma maandishi ubavuni: iwe ampea 16. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na taima ndogo huungua. Aifunge fundi umeme, usiichomeke kwenye ekstensheni, nakuomba sana.

Kinachokula LUKU ni hita kushinda imewashwa, ikipasha tena na tena maji yaliyopoa yenyewe. Wati 2,000 hupasha lita 50 kwa saa moja na robo hivi. Mkioga saa kumi na moja alfajiri, iwake 03:45, izime 05:00. Angalia hapo: taima haijui saa zetu, ukiandika 11:00 itazima saa tano asubuhi!