Muulize Fundi: Shingo ya gauni inafanya mawimbi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeshona gauni la kitenge la binti yangu, shingo nikaizungushia utepe niliokata mshazari kwenye vipande vilivyobaki. Sasa shingo imesimama inafanya mawimbi na utepe wenyewe umejisokota. Nikipiga pasi inatulia, akivaa inarudi vilevile. Cherehani ndo mbovu?
*Mama Mapacha, Morogoro*

JIBU: Marahaba mama. Cherehani yako ni nzima. Umesema vipande vilivyobaki, na mimi naanzia hapohapo, maana kipande kilichobaki mara nyingi hakina ule ukingo wa kiwandani, ule wa pembeni usiochanika, kwa hiyo mtu anakata mshazari kwa macho, na mshazari wa macho unasumbua sana. Kitambaa kina nyuzi za urefu na za upana, ukivuta kufuata uzi hakivutiki, ukivuta katikati kabisa ya hizo mbili, yani digrii 45, ndo kinavutika kuliko popote na kinarudi vizuri. Ukikata digrii 35 bado utaona kinavutika ndo maana unaridhika unaendelea, lakini nyuzi za upande mmoja zinavuta kuliko za upande mwingine na ukishashona utepe unalala upande, unapata ile mikunjo inayoegemea upande mmoja. Pasi haiwezi kuondoa hiyo, inaificha tu mpaka nguo ivaliwe.

Fanya hivi. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kipande, utaona unaacha njia iliyonyooka, kata kwa kufuata hiyo njia. Chomoa mwingine upande wa pili, tayari una kona ya mraba. Sasa ikunje ile kona, ukingo wa urefu ulale sawasawa juu ya ukingo wa upana, mkunjo uliopata ndo mshazari wako. Chora kwa chaki na rula, usikate kwa kukunjakunja.

Upana wa utepe ni mara 4 ya unaotaka uonekane, ukitaka sentimita 1 kata sentimita 4, na kwa kitenge kizito ongeza milimita 2 au 3 maana mikunjo inakula kitambaa. Ukipiga pasi usiburuze! Weka pasi, inua, sogeza. Ukiburuza utepe unarefuka na kuwa mwembamba sehemu moja, mnene sehemu nyingine, alafu unaanza kulaumu mkasi.

Jambo la pili ni shingo yenyewe. Nahisi uliikata na akiba ya mshono, yani kile kitambaa cha ziada cha kushonea, alafu ukaizungushia utepe juu yake. Kama utepe unaugeuzia wote ndani usionekane, akiba inabaki. Kama unaufunika ukingo uonekane nje kama paipini pana, akiba ya shingo unaikata yote kwanza, maana ukingo wa kitambaa ndo unakua mwisho wa nguo. Usipoikata shingo inakua ndogo, inabana, inasimama. Alafu wakati wa kushona uvute utepe kidogo tu kwenye mzunguko wa kuingia ndani kama shingo na kwapa, ili ukigeuza ukumbatie ukingo. Kwenye mzunguko wa kutoka nje, mfano ncha ya kola ya duara, usivute hata kidogo, uulegeze. Ukichanganya hayo mawili lazima upate mawimbi.

Hilo gauni usilitupe mama, fumua utepe tu, shingo loweka kwa mvuke wa pasi irudi, ukate utepe mpya.

SWALI: Mambo fundi, nashona utepe vizuri upande wa mbele lakini nikigeuza nyuma nakuta sehemu nyingine mshono umeukosa kabisa, nafumua mpaka nachoka. Nisaidie.
*Kijana wa Chumbageni, Tanga*

JIBU: Poa mdogo wangu. Ukiwa unakunja utepe kwa pasi usikunje katikati sawasawa, upande mmoja uache uzidi milimita 2. Ule mwembamba ndo unakaa mbele, mpana unakaa nyuma, hapo sindano ikipita mbele lazima nyuma iushike. Njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa nguo za biashara: anza kushona upande wa NDANI wa nguo, geuza uje nje, ufunike mshono wa kwanza, piga mshono wa juu pembeni kabisa ya mkunjo huku unauona kwa macho yako. Piga bandi kwanza (mshono mrefu wa muda wa mkono) kwenye kona na mizunguko, dakika tano za bandi zinakuokolea nusu saa ya kufumua.

SWALI: Dada fundi, utepe wa dukani rangi hazilingani na vitambaa vyangu. Kipande kidogo kinatoa mita ngapi? Na shifoni je, inawezekana?
*Dada wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Inawezekana dada, na ukijitengenezea unalinganisha rangi unavyotaka. Hesabu ni rahisi, zidisha urefu kwa upana wa kipande ugawe kwa upana wa utepe. Mraba wa sentimita 50 kwa 50 ni 2500, gawa kwa utepe wa sentimita 4 unapata sentimita 625, toa za maungio unabaki na kama mita 6. Shingo na makwapa mawili ya gauni la mtu mzima mara nyingi hayafiki hata mita 2. Kitambaa kifue kwanza, hasa chekundu na bluu iliyokolea, fua mpaka maji yatoke meupe ndo ukate, rangi ikivuja kwenye nguo nyeupe hutaweza kuirudisha.

Kuunga, weka ncha mbili uso kwa uso zikae kama herufi L, shona kwa mshazari, fungua mshono kwa pasi, kata vile visikio vinavyochomoza. Kama huna kile kifaa cha kukunjia utepe chomeka pini ndefu kwenye kitambaa cha meza ya pasi, iingie itoke iache nafasi ya sentimita 2, pitisha utepe uliokunjwa chini yake uvute taratibu na pasi ifuate nyuma.

Shifoni inateleza, hiyo kweli. Ipige wanga, ikauke, iwe ngumu kidogo, alafu ilaze katikati ya karatasi mbili za gazeti uzibane na pini ukate vyote pamoja. Kata upana wa sentimita 5 badala ya 4 maana itajivuta yenyewe, tumia sindano namba 9 mpya, mshono uwe mfupi. Wanga utatoka ukifua mara ya kwanza.