Alaimenti mara mbili na bado gari inavuta kushoto? Pima gurudumu kwanza

Kama iligongwa kona ya kushoto mbele na sasa tairi inagusa plastiki ya ndani ya madigadi ukikata kona, usilipie alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ya tatu. Magari mengi madogo mbele hurekebishwa pembe moja tu, kwa tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Gurudumu lililosukumwa nyuma halirudishwi na mashine ya alaimenti.

Nyoosha usukani, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, pande zote mbili. Kushoto kukipungua zaidi ya milimita 10, huenda mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwenye fremu) umepinda, au fremu inayobeba injini imehama kwenye boliti zake. Alama mpya za kukwaruza kando ya boliti hizo zinasema mengi kuliko rangi inayong'aa.

Ingiza pia vidole kati ya tairi na shokapu, linganisha na kulia. Nafasi zikitofautiana, huenda shokapu au nako (kipande kinachobeba beringi ya gurudumu) imepinda. Tafadhali msikubali fundi apashe mkono moto na kuunyoosha: chuma hudhoofika, hukatika barabarani. Badilisha.

Beringi ikianza kuvuma baada ya wiki kadhaa, huenda chanzo ni kipigo kilekile.