Ukianza kazi hospitalini kwenye njia ya vimbunga

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba. Kama umepata kazi katika hospitali ya Marekani iliyo Florida, Louisiana, Texas au kwingineko kwenye pwani hiyo, na hujawahi kuwa zamu kimbunga kikipita, nakuandikia wewe. Uwe muuguzi, mfamasia, mtu wa maabara au wa usafi, yanakuhusu, maana siku hiyo hakuna asiye na kazi.

Wapya wengi huogopa upepo. Ni kweli upepo unaweza kung'oa paa la hospitali, na umewahi kufanya hivyo. Lakini ukisoma habari za hospitali zilizoshindwa kabisa, utakuta maji na umeme. Tena mara nyingi kilichozimisha hospitali nzima ni kitu kimoja kilichokuwa mahali pasipofaa. Ndiyo maana nawafundisha wageni wangu swali moja la kutembea nalo wiki nzima kabla ya kimbunga: hiki ninachokitegemea, chenyewe kinategemea nini?

Angalia yaliyotokea New York Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipofika. Hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta zake juu, ghorofa ya 13, ambako maji yasingefika kamwe. Pampu za kupandisha mafuta hadi huko zilikuwa chini ya ardhi. Maji ya bahari yalipoingia, pampu zikazama, na watu wakajipanga kwenye ngazi wakipokezana mafuta kwa mikono hadi ghorofa ya 13 ili mashine zisizime. Mwishowe wagonjwa walilazimika kuhamishwa. Jirani yao, NYU Langone, umeme wa akiba ulishindwa usiku uleule. Wagonjwa zaidi ya 300 walitolewa, wakiwamo watoto wachanga 20 wa uangalizi maalumu, walioshushwa ngazi gizani mikononi mwa wauguzi, baadhi wakipewa pumzi kwa mfuko wa mkono hatua kwa hatua. Nataka uielewe picha hiyo vizuri: jenereta zilikuwepo na zilikuwa nzima, na mafuta yalikuwepo.

Houston walijifunza hayo mapema zaidi. Juni 2001 dhoruba iliyoitwa Allison, ambayo haikufikia hata daraja la kwanza la kimbunga, iliingiza maji kwenye vyumba vya chini na njia za chini ya ardhi za Texas Medical Center, eneo lenye hospitali nyingi pamoja. Hospitali ya Memorial Hermann ikakosa umeme na kuhamisha wagonjwa wake. Baada ya hapo waliweka milango mizito ya kuzuia mafuriko na kuinua mitambo ya umeme. Mwaka 2017, mvua za kimbunga Harvey zilipoizamisha Houston, eneo hilo kwa sehemu kubwa liliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ukimwona fundi wa jengo lako anahangaika na mlango usiofunga sawasawa kwenye besimenti, mheshimu sana.

Sasa tuongee habari ya kusoma taarifa za hali ya hewa, kwa sababu hapa watu wengi hupotea. Daraja la 1 hadi la 5 hupima kasi ya upepo tu. Halisemi lolote kuhusu mvua wala maji yatakayosukumwa kutoka baharini. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami hutoa taarifa kila baada ya saa sita, na zaidi kimbunga kikikaribia nchi kavu. Tahadhari ya kimbunga hutolewa saa 48 kabla, na onyo saa 36 kabla. Kabla ya nini? Kabla ya kufika kwa upepo wa kilomita 63 kwa saa, yaani ule wa mwanzo. Jicho la kimbunga huja baadaye. Saa hizo zimewekwa hivyo kwa sababu upepo huo ukishaanza, kazi za nje haziwezekani tena: helikopta hazirushwi, na magari ya wagonjwa husimama upepo ukizidi kiwango walichojiwekea. Hospitali inayotaka kuhamisha wagonjwa lazima iwe imeamua na kumaliza kabla ya hapo. Na ile koni nyeupe kwenye ramani inaonyesha katikati ya kimbunga kunaweza kupita wapi. Kuwa nje ya koni si kuwa salama.

Wala usidhani kuwa mbali na bahari kunatosha. Septemba 2024, mabaki ya kimbunga Helene yalifika milima ya Tennessee, na mto ukaizunguka hospitali ya Kaunti ya Unicoi mjini Erwin. Watu zaidi ya 50 waliokolewa kutoka juu ya paa kwa helikopta.

Tahadhari ikitolewa, utaona hospitali inaanza kupunguza uzito. Upasuaji unaoweza kusubiri unaahirishwa. Wanaoweza kwenda nyumbani wanaruhusiwa. Hapo simama imara kwa ajili ya mgonjwa wako: anarudi nyumba gani? Iko eneo lililoamriwa kuhamwa? Anatumia mashine ya oksijeni ya umeme? Ana dawa za wiki mbili? Kumruhusu mtu kwenda kwenye nyumba itakayokosa umeme huku anaitegemea mashine ni kumrudisha kwako akiwa na hali mbaya zaidi, barabara zikiwa zimefungwa. Wagonjwa wa kusafishwa damu hupewa zamu zao mapema, na waelezwe lishe ya dharura ya siku tatu: maji kidogo, chumvi kidogo, vyakula vyenye potasiamu kidogo. Usimpe karatasi tu na kuondoka. Kaa naye mpaka akuambie mwenyewe atakula nini kesho.

Hospitali nyingi za pwani hugawa wafanyakazi makundi mawili. Timu A huingia kabla ya upepo na kubaki ndani mpaka barabara zifunguliwe. Timu B hujiandaa nyumbani au mahali salama, kisha huja kuwapokea. Uliza umewekwa kundi gani siku ya kwanza kazini, usingoje Septemba. Na hapa lile swali letu linakuhusu wewe mwenyewe: wodi inakutegemea, wewe unategemea nini? Nani atakaa na watoto? Mama mkwe anayeishi nawe ataenda wapi, na dawa zake? Mwenye jibu la haya hufanya kazi kichwa kikiwa kimetulia. Asiye na jibu atakuwa anapiga simu korido nzima, na kwa haki kabisa, kwa sababu familia ni familia. Kama una mzigo ambao hauwezi kumwachia mtu, mwambie kiongozi wako Juni, waziwazi, akupange Timu B. Hakuna aibu. Aibu ni kukubali halafu kutoonekana.

Begi la Timu A lisiwe la mapambo. Weka nguo za kazi za siku nne au tano, viatu vya pili, soksi nyingi, dawa zako mwenyewe, miwani ya akiba, tochi ya kuvaa kichwani, betri ya kuchajia simu, blanketi, vyakula visivyohitaji friji, vizibo vya masikio na fedha taslimu. Gari liache sehemu ya juu ya maegesho likiwa na tangi limejaa. Ukiambiwa zamu yako ya kulala imefika, lala. Wageni hupenda kubaki wamesimama wakisaidia, na saa kumi alfajiri ndio hao wanaochanganya dozi.

Wodini, anza na oksijeni. Nilijifunza kwa dada mmoja mkongwe wa zamu yetu, aliyekuwa akipita kitanda kwa kitanda na kalamu, akiandika kila mgonjwa anatumia lita ngapi kwa dakika, kisha anakaa mezani kupiga hesabu. Mtungi mdogo wa kubebeka, ule aina ya E, ukijaa una lita zipatazo 680. Mgonjwa wa lita 2 kwa dakika atakaa nao zaidi ya saa tano. Mgonjwa wa lita 10 ataumaliza kwa saa moja na dakika chache. Hesabu hiyo ikifanywa mchana, mitungi inaletwa mchana. Ikifanywa bomba la ukutani likiwa limeshapoteza presha, itafanywa kwa kukimbia. Baada ya hapo hakikisha kila kitanda cha mgonjwa wa mashine ya kupumulia kina mfuko wa kumpa pumzi kwa mkono, upo hapohapo na barakoa inayomtosha.

Kuhusu umeme, jua soketi nyekundu ziko wapi. Hizo ndizo zilizounganishwa na jenereta, na kwa kanuni za Marekani saketi za uhai zinatakiwa kurudi ndani ya sekunde 10. Katika sekunde hizo mashine huishi kwa betri yake, kwa hiyo iangalie betri kabla. Kuna pampu za dripu ambazo zimekaa kwenye chaji mwaka mzima na betri yake imekufa bila mtu kujua. Zichomoe moja moja uone. Muulize pia fundi nini hakimo kwenye jenereta. Mara nyingi utasikia viyoyozi vya sehemu fulani, lifti fulani, na baadhi ya friji.

Usilidharau suala la viyoyozi. Septemba 2017, baada ya kimbunga Irma, nyumba moja ya kulelea wazee na wagonjwa huko Hollywood, Florida, ilikosa kipoza hewa na watu 12 wakafa, ng'ambo tu ya barabara kutoka hospitali iliyokuwa na umeme. Baadaye Florida ikatunga sheria ya kuzitaka nyumba kama hizo ziwe na umeme wa akiba wa kupoza hewa kwa saa 96. Na New Orleans, Agosti 2005, baada ya Katrina, Memorial Medical Center ilikaa siku kadhaa katika maji, joto na giza jenereta zikiwa zimezima. Miili 45 ilitolewa humo. Kila ninapomweleza mtu mpya kwa nini tunagandisha chupa za maji na kuandaa feni za betri, ni watu hao ninaowafikiria.

Maji safi nayo husahaulika. Mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian, hospitali za Kaunti ya Lee, Florida, zilikosa maji ya bomba na ikabidi wagonjwa waanze kuhamishwa ingawa majengo yalikuwa yamesimama. Bila presha ya maji vyoo havifanyi kazi, vifaa havitakaswi, na mitambo mingi ya kupoza hewa husimama. Jaza kila chombo, na tenga wazi maji ya kunywa na maji ya vyoo.

Mnyororo huo huenda mbali kuliko jengo lako. Helene hiyohiyo ilifurisha kiwanda cha Baxter huko Marion, North Carolina, kilichokuwa kikitoa takriban asilimia 60 ya maji ya dripu ya Marekani. Hospitali ambazo hazikuona hata tone la mvua zikaanza kubana matumizi na kuwanywesha wagonjwa pale walipoweza kunywa. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico, mifuko midogo ya dripu iliadimika vivyo hivyo.

Kompyuta zikiwa bado zinafanya kazi, chapisha orodha ya dawa za kila mgonjwa, mzio wake, namba ya ndugu yake. Hakikisha utepe wa mkononi unasomeka. Ikibidi kuhama, mgonjwa, karatasi zake na dawa zake vinatoka pamoja, na mtu mmoja anaandika nani amekwenda wapi na saa ngapi. Mama na mtoto mchanga wasitenganishwe bila kuandikwa. Lifti hazitakuwepo, kwa hiyo jifunze sleji ya kushushia wagonjwa ngazini. Lala wewe mwenyewe ndani yake wenzako wakushushe ghorofa mbili. Utajua mikanda inabana wapi, na utajua mgonjwa anahitaji kusikia sauti ya nani anaposhuka kichwa kikiwa juu na miguu mbele, gizani.

Amri zote hutoka kituo kimoja cha uongozi. Ukiona mahitaji, mpelekee kiongozi wa wodi, naye apeleke huko. Ukimpigia simu rafiki yako wa stoo, wodi mbili zitahesabu mtungi mmoja.

Upepo ukitulia, usiivunje kambi. Wimbi kubwa la wagonjwa huja sasa: waliovuta moshi wa jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba au gereji, walioanguka wakiziba paa, waliokatwa na misumeno ya miti, waliokosa insulini, na wale ambao hawana ugonjwa mpya ila wanahitaji soketi ya mashine ya oksijeni. Andaa pembe yao kabla hawajafika, yenye viti, soketi nyekundu na mtu mmoja wa kuwaangalia, ili wasizibe njia ya dharura. Maumivu ya kichwa kwa familia nzima kwa wakati mmoja, fikiria kaboni monoksaidi kwanza, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wa jenereta. Kifaa cha kidoleni kitaonyesha oksijeni nzuri na kitakudanganya. Omba kipimo cha damu.

Timu B wakiingia, wakabidhi kitanda kwa kitanda, pamoja na hesabu ya mitungi, betri zilizogoma na soketi zilizokufa. Andika yaliyokatika kwa mpangilio wake, nini kilianza na nini kikafuata, na ipeleke karatasi hiyo kwenye kikao cha tathmini. Kisha pumzika kabla ya kushika usukani, uliza barabara zipi zimefunguliwa, na usiendeshe gari kupita kwenye maji yaliyofunika lami.